Udongo wa Fundi Kristofa

Wenzangu wa kijiwe cha cherehani, mmeniuliza mara nyingi mno habari za safari yangu, na kila nikianza kueleza mmoja wenu ananikatiza na habari za mpira. Basi nimeandika. Mtasomeana. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute nukta na mkato, tafuteni maana. Na mkiikosa msinilaumu, maana hata mimi nilikaa siku kumi na tisa njiani nikiitafuta.

Kwa wale wasiojua: mguu wangu huu haukuvunjwa na pikipiki kama anavyosema Shomari. Ulivunjika kwenye ndege. Tulikuwa watatu ndani: rubani Luteni Saidi, fundi wa ndege Kristofa, na mimi mpakiaji. Vita vya jirani vilikuwa vinavuja mpakani, na kazi yetu ilikuwa kupeleka chakula na vifaa kwa askari waliokuwa kule Ruvuma na kando ya Ziwa Nyasa. Siku hiyo ukungu ulikuwa kama blanketi, ndege ikawa haipandi, tukagonga mlima. Nilizinduka kwenye hospitali ya misheni, mguu umefungwa mbao. Luteni Saidi alisafirishwa kwao pwani akazikwa. Fundi Kristofa, niliambiwa, amezikwa hukohuko kwa heshima zote. Wapi? Hakuna aliyesema. Na barua aliyopelekewa mama yake ilisema hivyohivyo: heshima zote, mahali hapana.

Kikosi sikitaji, kikosi ni watu wengi. Ila watu nitawataja. Wa kwanza ni Sajini Mnyone wa ghala. Enzi zile sukari ilikuwa haionekani, na Mnyone alipakiza magunia yake manne ya sukari kwenye ndege iliyokwisha kujaa. Andikeni hilo jina ukutani.

Mama yake Kristofa ni Bi Tekla wa Matombo, kijiji nilikozaliwa na mimi. Kwa ukoo wao, mtu akifia mbali na mwili usirudi, lazima udongo wa kaburi lake uletwe ukamwagwe penye makaburi ya upande wa mama. Bila hivyo msiba haufungwi, na jina lake halirithiwi na mpwa. Miaka kumi na kitu jina la Kristofa lilikuwa linaning'inia. Mwaka huu miguu ya Bi Tekla ikavimba, daktari akasema ni moyo. Akaniita.

"Hamisi, wewe ulikuwa naye."

"Nilikuwa naye, mama."

"Basi kaniletee mwanangu kabla na mimi sijawa udongo."

Nikachukua kopo la majani ya chai, nikalisafisha, nikaondoka nalo.

Morogoro mpaka Songea

Sitaki kusema sana juu ya basi. Basi liliharibika Mikumi, likaharibika Makambako, na Njombe halikuharibika ila dereva alikwenda kumsalimia shemeji yake tukamsubiri tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Huu ndio uhuru wa biashara mnaousifia. Zamani lilikuwapo basi moja la ushirika, likichelewa unajua nani wa kumtukana. Sasa mabasi ni mengi, kila moja na tajiri wake, na tajiri haonekani.

Nilikaa na mama mmoja wa Peramiho aliyekuwa anarudi na marobota mawili ya mitumba. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kutafuta kaburi la rafiki yangu aliyeanguka na ndege huko Mbinga.

"Ile ya Matiri?" akasema.

Nikageuka mzima. "Unaifahamu?"

"Nani haifahamu! Ipo nguzo kabisa kando ya barabara, imepakwa chokaa. Tukipita na lori la mahindi tunaiona."

Jamani, miaka yote ile nimelala sipati usingizi, kumbe jibu lilikuwa kwenye kiti cha jirani. Nikamnunulia mama yule mahindi ya kuchoma mawili. Nikajiona safari imekwisha. Ndivyo Mungu anavyomcheka mtu.

Nguzo ya Matiri

Kutoka Songea nilipata gari mpaka Mbinga. Mji ule umechangamka, sikuutegemea hivyo. Ulikuwa msimu wa kahawa, na kwa vile sasa wanunuzi binafsi wameruhusiwa, kila kona pana mtu na mizani yake anaita wakulima kama anaita kuku. Nilidandia lori la mnunuzi mmoja lililokuwa linapeleka magunia matupu Matiri. Nikalala juu ya magunia, nikashuka natoa harufu ya gunia mpaka kesho yake.

Nguzo ilikuwapo kweli. Ni ya saruji, kimo cha kifua changu, juu ina msalaba, chini maandishi yamefutika. Mbuzi alikuwa amefungwa pale. Nikamfungua mbuzi, nikamfunga mbali. Nikavua kofia. Nikamwambia Kristofa mambo fulani ambayo si ya kuandika hapa. Nilipomaliza nikachukua kisu, nikachimba, nikajaza kopo.

"Wewe! Mbuzi wangu umempeleka wapi?"

Alikuwa mwanamume wa makamo kama mimi, amevaa koti la suti na kandambili. Ni katekista wa kigango cha pale, jina lake Benedikti. Nikamwonyesha mbuzi. Nikamweleza shida yangu tangu mwanzo, naye akasikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa, mpaka nikajua nimepata ndugu. Kisha akasema:

"Pole sana, kaka. Lakini hapa hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi? Na nguzo hii?"

"Hapa aliwekwa chini tu. Yule rubani, wakati wanampeleka Songea. Gari lilinasa kwenye tope, mwili ukashushwa, ukakaa hapa siku nzima. Sasa kwetu, mahali maiti ilipotuliwa njiani lazima paachwe alama. Usipoweka alama, wabeba maiti wengine watakuja kutua hapohapo, na hiyo si nzuri."

"Kwa hiyo mmejenga nguzo ya saruji ya mtu aliyepita?"

"Kwanza yalikuwa mawe. Saruji ilikuja baadaye, mkuu fulani alipotaka kutembelea. Tukaambiwa tupendezeshe. Mwenyewe hakuja."

"Na yule mwingine? Fundi?"

Benedikti akafikiri. "Huyo nasikia alizama. Waulize watu wa ziwani. Wao wana msalaba wao."

Nikamwaga udongo. Nikaumwaga taratibu, maana nilikuwa nimekwisha kuuambia siri zangu. Katekista akanipeleka kwake tukala ugali na maharage mapya, na mkewe akaniletea bakuli la nyama. Nikauliza nyama gani, wakatazamana.

"Ni nyama tu," akasema mkewe.

"Hamisi ni Mwislamu," akasema Benedikti kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi sipo.

"Uuu! Basi rudisha, rudisha," mama akasema, akalichukua bakuli mbio, na kwa kunihurumia akaniongezea maharage mpaka sahani ikafurika. Niliyala yote. Mwenye huzuni na njaa pamoja haoni aibu.

Kuteremka ziwani

Kutoka Matiri nikapita Kitura, sehemu kwa lori na sehemu kwa miguu. Siku ya kwanza mguu ulikubali, siku ya pili ukagoma. Nililala kwa watu nisiowajua, nikala togwa na viazi. Kila niliyemuuliza habari za ndege alikuwa na ndege yake. Mmoja alisema ilikuwa ya Wareno. Mwingine alisema ilibeba dhahabu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika kahawa aliniambia kwa hakika kabisa kwamba haikuanguka, ilitua tu, na watu wake walioa hukohuko. Nikamwambia mimi nilikuwamo ndani. Akanitazama mguu, akanitazama uso, akasema: "Basi labda ni ndege nyingine."

Kule chini joto lilinipokea kama mlango wa tanuri. Ziwa ni kubwa, ng'ambo huoni ila milima hafifu, na maji yake unakunywa, hayana chumvi. Niliteremkia kijiji kimoja kusini ya Lituhi. Wenyewe ni Waanglikana, wanavua na kulima muhogo. Msalaba wao ulikuwa penye njia panda ya kwenda kanisani, wa mbao ngumu iliyopakwa lami, na chini yake pameandikwa vizuri sana, herufi nyeupe: WATU WATATU WA NDEGE. PUMZIKENI.

Nikahesabu. Watatu. Saidi, Kristofa, na mimi.

Mwenye kuutunza msalaba ule alikuwa mzee mmoja mvuvi, anaitwa Yona. Nilimkuta amekaa anashona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Umetoka wapi na mguu huo?"

Nikamweleza. Nilipofika mahali pa kusema mimi ndiye wa tatu, aliacha kushona.

"Haiwezekani."

"Ndiyo mimi, mzee."

"Wewe tumekuombea. Tumekupigia kengele. Kila mwaka siku ya kuwakumbuka marehemu tunasoma: watu watatu wa ndege."

"Mimi sikufa."

"Sasa kwa nini hukuleta taarifa?" Aliuliza kwa hasira kabisa, jamani, kama karani ambaye fomu yake imeharibiwa. "Miaka yote hiyo! Sisi tunapoteza sala, na yako ingeweza kwenda kwa mtu mwenye shida!"

Mke wake alikuwa anaanika usipa, wale dagaa wao, kwenye chanja. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mpe basi chakula huyo marehemu," akasema. "Ametoka mbali."

Nikapewa ugali wa muhogo na mbasa wa kuchemsha. Samaki huyo akiwa mbichi kutoka majini, mtasahau kambare wenu wa bwawa la Mindu. Tulipokula nikauliza: mliwazika watu? Miili mliiona?

Mzee Yona akasema hapana. Walichokiona ni gurudumu la ndege. Lilielea, wavuvi wakalivuta. Na kwa desturi yao, mtu aliyepotelea majini asionekane lazima apate msalaba nchi kavu ili asitangetange ufukweni. Waliona gurudumu, wakajua ndege imezama. Watu wangapi? Hawakujua. Aliyesema watatu ni nani? Hakumbuki.

"Lakini sisi tuligonga mlima, mzee. Gurudumu lilifikaje majini?"

"Hilo ndilo hata mimi nashangaa sasa hivi," akasema. "Mito yetu yote inatoka huko juu. Mvua za mwaka ule zilileta hadi milango ya nyumba."

Asubuhi kabla sijaondoka alinipeleka msalabani na kopo la rangi nyeupe na mswaki mkuukuu. Akapiga magoti, akawa anawaza. Kufuta neno WATATU aandike WAWILI kungeharibu msalaba, akasema, na akiniacha nitakuwa naombewa kama maiti. Nikamwambia, mzee, niache. Huenda hizo sala ndizo zilizonifikisha hapa. Akafurahi sana, akafunika rangi yake.

Siku nne za kungoja meli

Mzee Yona alisema watu wa mlimani wanaojua habari za kugonga ni wa Maguu, na njia rahisi kwa mguu wangu ni meli mpaka Mbamba Bay, halafu nipande. Meli inakuja lini? Alhamisi. Alhamisi ikaja, meli haikuja. Ijumaa wakasema imeonekana Manda. Jumamosi wakasema hiyo iliyoonekana ni ya Malawi. Jumapili watu wote walikwenda kanisani, na meli ikaja wakati wa mahubiri, ikapiga honi, kanisa likabaki na mchungaji na wagonjwa.

Ndani nilipata nafasi juu ya magunia ya mihogo mikavu. Mtu mmoja alinisemesha: ni wakala wa kampuni ya kahawa, anashuka Mbamba Bay kwenda kununua Maguu. Kampuni yake siitaji. Jina lake Gaudensi, kijana wa miaka thelathini hivi, miwani ya jua, mchangamfu. Akasema Landrova yake inamngoja bandarini, atanipandisha bure. Akasema nguzo ya ndege ya Maguu anaijua kuliko anavyomjua baba yake.

"Ipo mbele ya banda langu la kununulia," akasema. "Kielekezi kizuri sana. Nawaambia wakulima, leteni kahawa penye ndege."

Sikumpenda tangu hapo, ila Landrova yake niliipanda.

Maguu

Julai Maguu ni baridi ya kukata masikio. Njia inapanda mpaka unaona ziwa chini kama sahani. Na milima yote imechimbwa. Sisi Waluguru tunajua kulima mlimani, lakini hivi sijaona: mteremko mzima ni mashimo ya mraba, mamia kwa mamia, yamepangana kama sega la nyuki. Mara ya kwanza kuyaona nilishika mlango wa gari.

"Makaburi yote haya?"

Gaudensi akacheka nusura atupeleke korongoni. "Ngoro hizo, mzee! Ni mashamba. Maji ya mvua yanaingia shimoni, udongo hauteremki. Maharage na mahindi yanakaa kwenye kingo."

Nguzo ilikuwa mpya, imepigwa plasta na rangi ya bluu, FUNDI SHUJAA, mbele ya banda la mizani. Nikachimba, nikajaza kopo. Lakini udongo ulikuwa mwekundu wenye kokoto, na mimi kwa siku zile nilikuwa nimekwisha kujifunza jambo moja: uliza kwanza. Nikamwuliza mwenyekiti wa kijiji, Bwana Osmundi, ambaye alikuja kunipokea na kitabu cha wageni.

"Kaburi lipo chini ya nguzo hii?"

"Chini hasa... hapana. Nguzo hii ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa shambani, wageni wakawa hawafiki, mteremko mkali. Tukaisogeza. Ya pili ilikuwa pale, kampuni ikaomba nafasi ya banda. Tukaisogeza tena."

"Kwa hiyo huu ni udongo wa nini?"

"Kifusi cha barabara," akasema, bila haya.

Huyo ndiye wa pili wa kuandikwa ukutani. Osmundi, mwenyekiti. Na wa tatu Gaudensi, aliyemwondoa shujaa ili apate kivuli cha mizani yake. Nikamwaga udongo kwa mara nyingine.

Osmundi akaona nimekasirika, akaniambia nisihangaike, kaburi lenyewe anajua lilipo, yeye alikuwapo siku ya kuzika. Baada ya gari la rubani kupita barabara zilikatika kabisa kwa mvua, ndipo wakamzika palepale mlimani, kwenye shamba la marehemu kaka yake. Akakusanya wanaume wanne, tukateremka. Walipofika shambani wakaanza kuhesabu. Kutoka njiani shimo la tano, kisha kushuka mashimo matatu. Hapa. Mwingine akasema si la tano, ni la nne. Mwingine akasema walihesabu kutoka kwenye mti uliokwisha kukatwa. Wakabishana Kimatengo, wakaruka mashimo, wakapima kwa miguu. Mmoja akachomeka kijiti, mwingine akakichomoa. Nimesimama na kopo langu kama ombaomba.

Juu yetu palikuwa na mwanamke anang'oa mabua ya maharage. Alikuwa ametutazama muda wote. Mwishowe akasema kitu kwa lugha yao, na wanaume wote wakaacha kupima.

"Anasemaje?" nikauliza.

Akajibu mwanamke mwenyewe, kwa Kiswahili: "Nimewaambia wanahesabu mashimo ya mwaka gani?"

Ndiye Mama Hilda, mjane wa yule kaka yake Osmundi. Nikamwamkia. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni kula. Ngoro hazikai. Kila baada ya miaka miwili shamba linafanywa upya: wanaume wanafyeka majani na kuyalaza mistari ya mraba, halafu wanawake ndio wanaochimba katikati na kufunika. Na kila mara mashimo yanahama, palipokuwa ukingo panakuwa shimo. Tangu Kristofa azikwe shamba lile limechimbwa upya mara nyingi. Shimo la tano la siku ile sasa ni katikati ya kingo.

"Wao wanaweka majani tu wanakwenda zao," akasema. "Kuchimba wanakujua wapi?"

"Shemeji, usiwe hivyo mbele ya mgeni," Osmundi akasema.

"Mgeni ametafuta mtu, wewe umempa kifusi."

Mimi nikamwuliza: "Mama, wewe unapajua?"

Akashuka hatua kama ishirini, akasimama. "Tazama."

Nilitazama sikuona. Mashimo, mashimo, mashimo. Kisha nikaona. Pale aliposimama hapakuwa na shimo. Mraba mmoja tu katika mlima mzima, umejaa, tambarare, na maharage yameng'olewa juu yake kama kwingine. Miaka yote hiyo, kila wanaume walipolaza majani juu ya mahali pale, yeye na jembe lake alipaacha. Hakuchimba. Hakuweka jiwe, hakuweka msalaba. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Nani aliuliza?"

"Na hizi nguzo zao?"

"Za wageni hizo."

Osmundi akasema mbele yake kwamba mwanamke huyu anachanganya, kwamba mraba ule haukuchimbwa kwa sababu kuna mwamba chini. Mmoja wa wale wanaume akasema na yeye anakumbuka mwamba. Nikachanganyikiwa tena, nilikuwa karibu kulia. Mama Hilda akachukua jembe, akalipiga chini mara moja. Likazama mpaka mpini.

"Mwamba uko wapi?"

Udongo wa pale ni mweusi. Akajaza kopo yeye mwenyewe kwa mikono, akashindilia, akafunika kwa jani la mgomba. Nikataka kumpa zawadi, sikuwa na kitu cha maana. Nikampa koti langu. Alilipokea kwa mikono miwili, akalivaa hapohapo juu ya kanga, likamfika magotini. Nikashuka Mbinga natetemeka kwa baridi kama kuku wa mvua.

Matombo

Kurudi sitawaeleza. Basi liliharibika palepale.

Ukoo ulikusanyika asubuhi ya Jumamosi. Bi Tekla aliletwa kwenye kiti, miguu kama magogo. Akafungua kopo, akanusa. Akaniuliza: "Panalimwa nini hapo?" Nikasema maharage. "Nani analima?" Nikamweleza habari za Mama Hilda, na wanaume na mashimo yao, na mwamba. Nikamwambia ukweli wote, kwamba hakika ya mia kwa mia sina, ninalo neno la mwanamke mmoja dhidi ya wanaume watano. Akasema, "Aliyechimba ndiye ajuaye." Akafunika kopo.

Sasa kwa desturi yao, kabla udongo haujamwagwa kila mwenye neno kuhusu kifo kile hulitoa pale mbele ya watu, asibaki nalo moyoni. Wakasema wawili watatu. Ikafika zamu yangu. Mimi nilikuwa nimejiandaa tangu Makambako. Nikasimama, nikamtaja Sajini Mnyone na sukari yake. Nikamtaja aliyeandika barua isiyo na mahali. Nikamtaja Osmundi na kifusi, Gaudensi na mizani. Nilisema kwa sauti, watu wakaguna, wajomba wakatikisa vichwa.

Bi Tekla akangoja nikanyamaza. "Umemaliza, Hamisi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ukasema, "Bado, mama."

Nikawaambia. Siku ile Kristofa aliyaona yale magunia manne. Alikataa. Alimwambia Mnyone mbele yangu, ndege hii haitapanda. Mnyone akaondoka akanikonyeza. Kristofa akaniambia, Hamisi, yatoe, akaenda kutazama injini. Mimi nikayasogeza nyuma, nikayafunika turubai. Aliporudi akaniuliza, "Yametoka?" Nikamjibu, "Yametoka." Mnyone alikuwa ameniahidi kilo mbili.

Hakuna aliyeguna. Nilisikia kuku. Mjomba mkubwa wa Kristofa akainuka akasema huyu atoke, asiguse udongo. Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, mwingine akanishika shati. Bi Tekla akapiga kiti kwa kiganja mara mbili.

"Mwacheni," akasema. "Amembeba kote huko, ammwage mwenyewe."

Nikapiga magoti na mguu wangu mbovu, nikamwaga. Mpwa akaitwa Kristofa palepale. Sikupewa mkono na mtu, na wakati wa chakula nilikaa peke yangu ukutani, mpaka Bi Tekla mwenyewe alipotuma sahani.

Mtaniuliza kama amenisamehe. Sijui. Nakwenda kumwona kila Ijumaa. Haniiti tena Hamisi, ananiita "wewe mpakiaji". Halafu anasema niletewe kiti, na chakula ananipakulia yeye, kwa mkono wake, na anajaza. Mimi nakula, na sijui nishike lipi, lile jina au hiki chakula.